Kocha Aliyefukuzwa Mara Mbili Kabla ya Filimbi ya Mwisho

"Wapenzi wa Ngano Stars, naomba utulivu! Kuanzia dakika hii, Adrian Tluway si kocha wetu tena!"

Hapo ndipo tulipomwacha mtu wetu, msomaji: katikati ya uwanja wa Karatu, wakati wa mapumziko, mdomo wazi, chupa ya maji mkononi. Mwenyekiti Marijani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, alikuwa amempokonya mshereheshaji kipaza sauti na sauti yake ilikuwa bado inazunguka juu ya mabati ya jukwaa.

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, usijali. Jambo ni moja tu. Ngano Stars wako nyuma, mbili bila, mbele ya Sanawari Rangers kutoka Arusha. Wakishinda wanabaki ligi ya mkoa. Sare haiwasaidii kitu. Wasiposhinda, msimu ujao watacheza kwenye viwanja ambavyo mbuzi ndio wenyeji.

Adrian akanywa maji yote, kisha akasema neno pekee lililomjia.

"Mwenyekiti, ungeninong'oneza tu."

"Nimekunong'oneza kipindi kizima! Nilisema mtoe huyo kipa wako. Umemtoa?"

"Sijamtoa."

"Bao la kwanza limepita wapi?"

"Katikati ya miguu."

"Na la pili?"

"Hapohapo. Ila la pili alijitahidi kubana."

Kipa mwenyewe, Loserian, kijana mrefu wa Nainokanoka, alikuwa ameketi kwenye nyasi karibu yao na kila neno lilimwingia. Akafunika uso kwa glovu. Adrian alimgundua mwaka uliopita mnadani, siku ndama alipokurupuka na watu wazima wakapanda juu ya magari. Loserian alimdaka yule ndama shingoni kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mgeni. Pale pale Adrian akamwuliza kama amewahi kucheza mpira. Hakuwahi. Adrian akaona hilo ni jambo dogo. Mjini hapa ni yeye peke yake aliyeliona dogo.

"Huyu nitamtoa mimi mwenyewe," Marijani akasema. "Yuko wapi kipa wa akiba?"

"Chooni," Simon akajibu. Simon ndiye nahodha, kijana wa Qurus, mkimya kama jembe. "Tangu asubuhi, mwenyekiti. Ni ile supu."

Marijani akatazama upande wa choo.

"Basi huyuhuyu aendelee. Lakini abane miguu! Na wewe Adrian, toka kwenye benchi langu."

Adrian akatoka. Hakubishana, maana kutolewa alikuwa na uzoefu nako kuliko kocha yeyote mkoa wa Arusha.

Misimu minane alicheza kiungo wa kati Kurasini Rangers, huko Dar es Salaam. Alikwenda akiwa kijana mwembamba wa Qurus, ana pumzi za kupanda mlima na viatu vya kaka yake. Watu wa Dar wakampa jina la Handbreki. Yeye mwanzoni alidhani ni sifa, kwamba anawazuia wapinzani. Baadaye akaelezwa kuwa ni timu yake mwenyewe aliyokuwa akiizuia: mpira ukitaka kwenda mbele lazima upite kwa Adrian, na ukifika kwa Adrian unapumzika.

Timu ya taifa ilimwita mara moja. Kipindi kizima cha pili alipasha misuli kando ya uwanja, akikimbia mbele na nyuma, akisubiri kuitwa. Hakuitwa. Kule Qurus ukoo mzima ulikuwa mbele ya televisheni, na mpaka leo mama yake huwaambia wageni kuwa siku ile hakuna aliyekimbia kuliko mwanawe. Adrian husema ni kweli kabisa. Hakuna kiungo nchini aliyewahi kupasha misuli kama yeye.

Kisha goti likafa. Akasomea ukocha. Akarudi nyumbani. Sasa alikuwa na miaka arobaini na kidogo, kitambi cha heshima, na hana kazi.

"Tluway! Njoo ukae huku. Umesimama kama nguzo ya umeme."

Aliyeita alikuwa shangazi yake, Laurencia, aliyeketi safu ya chini ya jukwaa na beseni la mahindi ya kuchemsha. Jina la Adrian hakuwahi kulitumia. Alisema hilo ni la padri.

"Shangazi, nimefukuzwa."

"Nimesikia. Karatu nzima imesikia, na Mbulu pia watakuwa wamesikia. Kula hindi."

"Sina njaa."

"Aliyekwambia una njaa nani? Kula. Kesho shemeji yako anakuvalisha kaki, unaanza kuwapeleka Wazungu kreta ya Ngorongoro. Hilo shati limeshapigwa pasi, nimeliona."

Adrian akala hindi. Kwa dereva wa watalii hakuwa na dharau. Nusu ya wanaume aliosoma nao walijenga nyumba kwa usukani ule. Lakini yeye alijijua. Angewafikisha watu kwa vifaru, kisha akaanza kuwaeleza kuwa kifaru yule amesimama vibaya, ameacha nafasi nyuma yake.

Kipindi cha pili kikaanza. Marijani alikuwa amesimama kwenye mstari, mikono kiunoni, akitoa maelekezo yake yote kwa mpigo.

"Pandeni! Pandeni wote! Rudini! Msirudi wote!"

Pembeni ya Adrian mzee mmoja mwenye koti la mvua akatikisa kichwa.

"Hii timu iliharibiwa na yule kocha," akasema bila kumtazama. "Yule Handbreki. Timu ya kuku nisingempa."

"Hata mimi," Adrian akajibu. "Kuku wangelala mapema."

"Unamjua?"

"Kidogo. Tulikuwa tunakaa nyumba moja."

"Pole sana."

Lakini macho ya Adrian hayakuwa kwa mzee. Yalikuwa kwa beki wa kushoto wa Sanawari, jitu refu ambalo kwenye kukimbia mbele lilikuwa treni, ila kwenye kugeuka lilikuwa trela la magunia. Nyuma yake palikuwa wazi. Palikuwa wazi kiasi cha kupanda maharage.

"Simon hapaoni," akanong'ona. "Angepitisha mpira chini, nyuma ya yule mrefu, tu."

"Mwambie," Shangazi Laurencia akasema.

"Hawezi kunisikia. Halafu wa Sanawari nao watasikia."

"Watasikia Kiswahili. Kiiraqw chetu watakisikilizia wapi?"

Adrian akamgeukia. Shangazi alikuwa tayari amesimama na kujifunga kanga vizuri kiunoni. Huyu ni mwanamke aliyelelewa Qurus akiita ng'ombe kutoka bonde la pili. Akavuta pumzi, akaachia.

Kiiraqw chake kilivuka uwanja kama kengele ya kanisa. Simon akashtuka, akageuza kichwa. Kwa ufupi, msomaji, aliambiwa hivi: huyo dume mrefu wa kushoto usimkabili usoni, mpite ubavuni, nyuma yake kuna majani.

Mwamuzi Piusi, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Mto wa Mbu, alitupa jicho jukwaani, akaona mama na beseni la mahindi, akadhani anatangaza biashara.

Mpira uliofuata Simon aliupenyeza chini, ubavuni mwa jitu. Jitu likaanza kugeuka. Lilipomaliza kugeuka, winga wa Ngano Stars alikuwa ameshafunga na anacheza dansi kwenye kona.

Mbili moja!

Uwanja ukalipuka. Marijani alipiga magoti, akainua mikono mbinguni.

"Umeona?" mzee wa koti akamgonga Adrian begani. "Wamemtoa yule mjinga tu, timu imefunguka."

"Wangemtoa tangu asubuhi," Adrian akasema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Sasa niwaambie nini?" Shangazi aliuliza. Alikuwa ameipenda kazi.

"Viungo wasogee karibu karibu. Na washambuliaji wajihadhari na kuotea."

"Hilo la mwisho Kiiraqw hatuna. Nitawaambia wasitangulie kama mbwa."

Akawaambia. Vijana wa Qurus wakasogeleana, na wale wachache wasiojua Kiiraqw wakawafuata tu. Sanawari wakaanza kupoteza mipira. Wakakasirika, wakajibu kwa shambulizi la ghafla: mtu mmoja, mpira mmoja, na mbele yake Loserian peke yake.

Jukwaa zima lilifumba macho. Adrian hakufumba.

Loserian alitoka golini taratibu, mikono wazi, kama siku ile ya ndama. Mshambuliaji akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akapiga palepale alipoona wenzake wanafanikiwa, katikati ya miguu. Miguu ikabana. Paa! Mpira ukanasa magotini.

"Ndiyooo!" Adrian aliruka, hindi likamtoka mkononi. "Nilisema! Nilisema mkaniona kichaa!"

Mzee wa koti la mvua akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alitazama kitambi. Alitazama fulana iliyoandikwa KOCHA mgongoni.

"Ah," akasema. "Kumbe tunakaa na mwenye nyumba."

Loserian akaupiga mbele, Ngano Stars wakapata kona. Kona ikapigwa, mpira ukamgonga beki wa Sanawari gotini, ukaingia golini kwao. Mbili mbili! Marijani akakumbuka kipaza sauti.

"Mbinu zangu hizo!" ikasikika mpaka sokoni.

Ndipo ukungu ukashuka.

Ulitoka msitu wa Ngorongoro, kama unavyotoka miezi ya baridi, bila haraka, kama mtu mwenye shamba lake. Ulimeza milingoti ya bendera, ukameza goli la juu, kisha ukameza wachezaji mmoja mmoja kuanzia miguuni. Kutoka jukwaani kilichobaki ni kelele tu.

"Sioni wa kumwita," Shangazi akalalamika.

Adrian akashuka. Alizunguka uwanja kwa nje, mkono ukipapasa kamba ya uzio, mpaka akatokea nyuma ya goli la Sanawari. Pale aliweza kuona nguzo mbili, mstari, na wavu wa zamani wenye tundu kubwa ubavuni. Zaidi ya hapo dunia ilikuwa maziwa.

Dakika za nyongeza zilikuwa zinaisha. Akasikia kishindo cha miguu kikija. Akasikia Simon akiita. Kisha watu wakatokeza kwenye weupe, lundo la watu, jezi za bluu na jezi za kijani, na mpira ukaruka kutoka kwenye lundo lile moja kwa moja kwenda golini.

Adrian aliona yote. Alikuwa karibu nao kuliko mtu yeyote.

Alimwona beki yule mrefu kwenye mstari, akinyoosha mkono. Aliona kiganja kikiugonga mpira. Aliona mpira ukipinda, ukipita nje ya nguzo, ukigonga chini na kujipenyeza kwenye lile tundu la ubavuni, kisha ukatulia ndani ya wavu, mzuri kabisa, kama yai kwenye kiota.

"GOLIII!"

Vijana wa Ngano Stars waliokuja mbio waliukuta mpira wavuni, basi wangesema nini kingine? Jukwaa nalo likapokea. Watu waliokuwa hawaoni hata vidole vyao walikumbatiana na kuapa kuwa wameliona bao kwa macho yao.

Sanawari nao wakamzingira Piusi wakipiga kelele kuwa mpira umepita nje. Piusi akamtafuta mshika kibendera. Mshika kibendera alikuwa ameteleza kwenye tope upande wa pili na alikuwa bado anatafuta kibendera.

"Mimi sikuona," Piusi akasema, na kwa mwamuzi kusema vile mbele ya watu kunahitaji moyo. "Nahodha, wewe umeona?"

"Nilikuwa chini," Simon akasema. Alikuwa bado chini, ameshika kifundo cha mguu. "Mtu amenikanyaga."

"Wewe?"

Nahodha wa Sanawari aliitwa Abdulmajid, kijana wa sauti ya chini, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Akatikisa kichwa. Kisha akaonyesha kidole nyuma ya goli.

"Yule mzee pale ameona. Muulize yeye."

Wote wakageuka. Adrian akatazama nyuma yake kumtafuta huyo mzee. Hakukuwa na mtu.

"Huyo ni kocha wao!" beki mmoja akapinga.

"Si kocha wao," Abdulmajid akasema. "Amefukuzwa kwa spika. Wote tumesikia. Mtu aliyefukuzwa na hawa, na kwetu si ndugu, ndiye shahidi wa haki. Muulize."

Sheria za mpira hazina kipengele cha namna hiyo, msomaji, na Piusi alijua. Lakini sheria hizo ziliandikwa na watu wasiowahi kuchezesha ndani ya ukungu wa Karatu.

Habari ikafika benchi. Marijani akaja mbio, kipaza sauti kikiburuta waya. Alianza kwa furaha, muulizeni, muulizeni! Katikati ya safari akakumbuka kitu, na furaha ikamkauka usoni. Akamvuta Adrian kando.

"Kocha wangu," akasema kwa asali. "Yale ya mapumziko yalikuwa mbinu tu. Ya kuwaamsha vijana. Wewe na mimi tunaelewana."

"Kwa hiyo sijafukuzwa?"

"Nani akufukuze wewe? Wewe ni kocha wangu mpaka nizikwe."

Abdulmajid alikuwa amesikia. "Kama ni kocha wako, mwenyekiti, basi ushahidi wake hatuukubali. Chagua. Ni wako au si wako?"

Marijani akamtazama Adrian. Akatazama mpira ndani ya wavu. Akatazama ukungu, kama vile huko ndani kulikuwa na mtu wa kumsaidia. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile.

"Si wangu," akasema hatimaye.

"Sema ili jukwaa lisikie."

Marijani akainua kipaza sauti. "Adrian Tluway... bado si kocha wetu."

Mtu akafukuzwa mara ya pili siku moja, kazi ileile! Hata Kurasini Rangers hawakufika huko.

"Adrian," Piusi akasema. "Mpira uliingia?"

Kwa mara ya kwanza maishani watu wote uwanjani walikuwa wanasubiri mguso wa Handbreki, na yeye, kama kawaida yake, akausimamisha mpira.

Aliwaza. Akisema uliingia, ni ushindi. Timu inabaki, anabebwa juu juu mpaka mnadani, kazi anarudishiwa, na shati la kaki anavaa mwingine. Hakuna atakayejua milele. Akisema haukuingia, mji mzima utasema amelipa kisasi kwa Marijani, na wala hatakuwa na namna ya kukataa, maana ndivyo itakavyoonekana. Tena huko ndani ya ukungu kulikuwa na vijana kumi na mmoja waliovumilia naye mvua na jua. Loserian alikuwa amekimbia kutoka goli la pili kuja kusikiliza. Alikuwa amesimama pale, glovu kifuani, anamwangalia.

Adrian alijaribu kusema uliingia. Aliliandaa kabisa neno. Lakini alijijua: alikuwa mchezaji aliyekuwa akijikwaa mwenyewe kwenye boksi na kumwomba mwamuzi radhi. Uongo nao unataka mbio, na yeye mbio hakuwahi kuwa nazo.

"Haukuingia," akasema.

Piusi akainama kumsikia vizuri. "Umesemaje?"

"Haukuingia. Ulipita nje ya nguzo, ukaingia kwa hilo tundu."

Kelele iliyofuata hakuna gazeti linaloweza kuichapa. Gunzi la hindi lilitoka ukunguni likampata kisogoni, na Adrian alilitambua gunzi: lilikuwa limeliwa na mtu wa ukoo wake.

"Tluway!" sauti ya Shangazi ikaja nyuma ya gunzi. "Umetuuza!"

"Msaliti!" mtu mwingine akadakia.

Simon alifumba macho pale chini. Marijani akakaa kwenye nyasi mbichi na suruali yake nzuri. Sanawari wakaanza kugonganisha viganja kwa furaha. Abdulmajid peke yake hakufurahi. Alikuwa anamtazama Adrian kama mtu aliyesikia kuna neno limebaki.

"Sijamaliza," Adrian akasema.

"Endelea," Piusi akasema.

"Mpira ulikuwa unaingia. Uliokwenda nao nje ni mkono. Mkono wa huyu."

Akamnyooshea kidole yule beki mrefu.

"Uongo!" Sanawari wakapiga kelele wote pamoja, isipokuwa mmoja. Jitu lenyewe lilikuwa linatazama vidole vya miguu.

Abdulmajid akamsogelea. "Uligusa?"

Jitu likaficha mkono nyuma ya mgongo.

"Nimekuuliza. Uligusa?"

"Mkono ulikwenda wenyewe, kapteni."

Abdulmajid akavuta pumzi ndefu. Timu yake ilikuwa haina cha kupoteza kwenye msimamo, ila mwanamume ana neno lake.

"Refa," akasema, "la kwanza tumelikubali kwa sababu linatufaa. La pili tutalikataaje?"

Piusi akatoa kadi nyekundu, jitu likaondoka likijifuta mkono kwenye bukta. Kisha akaonyesha kidole chini. Penalti!

Sasa ilikuwa zamu ya jukwaa kutoelewa. Gunzi la pili lilikuwa tayari hewani na lilibidi lishuke.

"Simon," Piusi akaita.

Simon akajaribu kusimama, mguu ukakataa. Akatazama wenzake. Kila aliyetazamwa alikumbuka kufunga kamba za viatu. Mpigaji wa pili alisema ana kizunguzungu. Wa tatu alisema aliapa kwa mama yake.

"Nipige mimi," Loserian akasema.

"Wewe kipa!" Marijani akalia kutoka kwenye nyasi. "Wewe hujawahi kupiga penalti!"

"Hata kudaka sikuwahi. Nilianza siku moja."

Akaweka mpira kwenye nukta. Kutoka pale aliliona goli kama kivuli tu. Akapaza sauti.

"Kocha! Nipige wapi?"

"Mimi si kocha," Adrian akajibu kutoka nyuma ya wavu.

"Basi wewe ambaye si kocha, nipige wapi?"

"Kijana, usiniulize mimi. Mimi penalti yangu ya mwisho ilipaa, mpaka leo wanautafuta mpira Temeke." Akasita. Kisha akapiga hatua mbili kulia, akasimama karibu na nguzo, pua ikigusa wavu. "Unaisikia sauti yangu?"

"Naisikia."

"Basi nipige mimi. Kwa nguvu zote. Wewe usiwaze goli, niwaze mimi tu. Mwaka mzima nimekuamsha alfajiri kwa maji ya baridi ukimbie kilima kile. Nikumbuke vizuri."

Loserian akakumbuka vizuri. Adrian alisikia hatua zikija, akasikia mguu ukigonga mpira, na kipa wa Sanawari, aliyedhani maneno yote yale ni mtego, akaruka upande mwingine kabisa. Mpira ukatoka kwenye ukungu, mkubwa kama sufuria. Wavu wa zamani ukavimba, ukavimba, ukamfikia Adrian usoni.

Akaanguka chali.

Filimbi ikalia. Ikalia tena, mara tatu, ya mwisho. Tatu mbili! Ngano Stars wamebaki!

Vishindo vikampita pande zote. Loserian alibebwa juu, akashushwa kwa uzito, akabebwa tena na watu wengi zaidi. Kwenye spika Marijani alikuwa anatangaza kwamba Adrian Tluway ni kocha wao, na kwamba kwa kweli alikuwa hajawahi kuacha kuwa kocha wao. Shangazi Laurencia akaja, akamtazama mpwa wake aliyelala na pua inayotoka damu, akamrushia kitambaa.

"Lile gunzi lilinitoka kwa bahati mbaya," akasema, akaenda kucheza.

Adrian alibaki palepale. Mgongo ulikuwa umelowa, na kwa kweli alijisikia vizuri. Aliwaza kwamba ndiye kocha pekee aliyetoa mchango wake kwa pua.

"Wewe ndiye uliyesema si goli?"

Akafumbua macho. Mwanamke alikuwa amesimama juu yake: buti za mvua, shuka nyekundu juu ya sweta, simu imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, uso wa mtu asiyependa kupoteza siku.

"Mimi ni Nasha, dada yake Loserian. Ni nesi kule Nainokanoka. Simama, nione hiyo pua."

Adrian akaketi. Nasha akaibana pua kwa vidole viwili, akaigeuza huku na huku.

"Haijavunjika. Ulijua watakuchukia?"

"Nilijua."

"Ukasema hivyohivyo, nyumbani kwenu, mbele ya shangazi yako."

"Nilijaribu kudanganya, dada. Nilichelewa."

Nasha hakucheka, ila mdomo ulisogea kidogo.

"Mtu kama huyo ndiye tunamtafuta. Kule kwetu kuna timu haina kocha. Mwenyekiti wako nimeshazungumza naye, anasema mpaka ligi ianze tena wewe ni mtu huru."

"Amenitoa tena?" Adrian akauliza. "Hata saa haijapita!"

"Amekuazimisha."

"Ni timu gani hiyo?"

"Ziko mbili. Vijana wa bondeni na vijana wa mlimani. Hawajawahi kumaliza mechi. Kila mara mtu anasema goli, mwingine anasema si goli, na mimi ndiye ninayewashona usiku kucha. Safari hii wazee wamesema ni mechi ya mwisho. Isipoisha kwa amani, mpira umepigwa marufuku kule, na Loserian harudi huku."

Adrian akafuta pua. "Sasa mimi nifundishe ipi? Ya bondeni au ya mlimani?"

"Zote mbili."

"Zote mbili? Halafu zicheze zenyewe kwa zenyewe?"

"Jumamosi. Wamekubali mtu mmoja tu kwa wote, na mtu huyo wanataka kumwona leo. Nimekuja nao."

Nasha akageuka, akainua mkono kuelekea langoni. Ukungu ulikuwa unaanza kupasuka upande ule. Adrian akaona kundi la vijana warefu limesimama kushoto mwa lango, na kundi jingine kulia, wamepeana visogo. Nasha alipoliita jina lake kwa sauti, wakageuka wote kwa pamoja wakamkazia macho.

Kila mmoja alikuwa na fimbo. Mpira hakuwa nao hata mmoja.